Doa Lisilofutika Mdomoni: Maswali na Majibu

Saratani ya mdomo mara nyingi hutanguliwa na mabadiliko yanayoonekana kwa macho. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo wananchi huuliza kuhusu dalili hizo, vipimo na utafiti.

Doa la namna gani lichunguzwe?
Ni doa jeupe lisilofutika, au jekundu, lililo kwenye ulimi, fizi, chini ya ulimi au ndani ya shavu. Utando wa fangasi kwa kawaida hufutika. Doa hili hubaki. Doa au kidonda kikizidi wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno hata kama hakiumi.

Je, kila doa ni saratani?
Hapana. Madoa meupe mengi hayageuki kuwa saratani; mekundu ndiyo yenye hatari zaidi. Ili kuthibitisha, daktari anaweza kufanya biopsi, yaani kukata kinyama kidogo kwa ganzi na kukipeleka maabara.

Husemwa kwamba kisu huamsha saratani. Ni kweli?
Hofu hii inaeleweka, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na hali ikizidi lawama huangukia kipimo. Biopsi haigeuzi doa kuwa saratani. Mahali palipokatwa huuma siku chache, kisha hupona.

Nani yuko hatarini zaidi?
Wavutaji wa sigara, watumiaji wa ugoro, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) na pombe, na hasa wanaochanganya tumbaku na pombe. Mtafuna tambuu asidhani kuwa kuondoa tumbaku kunatosha: mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini kuwa popoo, kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, yenyewe husababisha saratani. Popoo pia huweza kukakamaza mashavu hadi mdomo ukafunguka kwa shida.

Je, kuchunguzwa mapema kunasaidia kweli?
Ndiyo. Huko Kerala, India, kuanzia 1996, wahudumu wa afya waliofunzwa waliwakagua midomo kwa macho watu wa miaka 35 na zaidi. Matokeo ya 2005 yalionyesha kuwa, miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya mdomo vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 vikilinganishwa na maeneo yasiyokaguliwa.

Kuna dawa ya kuondoa doa?
Daktari anaweza kuliondoa kwa upasuaji au leza, ila baadhi hurudi, hivyo usikose siku za kliniki. Katika majaribio, dawa za jamii ya vitamini A zilipunguza madoa, lakini zilileta madhara, na madoa yalirudi zilipoachwa. Usijinunulie vidonge wala usichome doa.

Nikiombwa kushiriki utafiti, nitageuzwa chombo cha majaribio?
Utafiti lazima uidhinishwe kwanza na kamati ya maadili. Tanzania Bara, kamati ya taifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Una haki ya kuelezwa faida na hatari kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia saini ridhaa. Unaweza kukataa, au kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Nitajikagua vipi nyumbani?
Kila mwezi, toa meno ya bandia, simama mbele ya kioo penye mwanga, vuta mashavu na inua ulimi. Ukiona doa jipya, andika tarehe. Wiki mbili zikipita na bado lipo, nenda kliniki na umwambie daktari tarehe hiyo.