Chemchemi "Mwaminifu" na Somo la Istiqraa



Ndugu zangu wanafunzi, katika mantiki tunasoma istiqraa: kuchunguza jambo moja moja mpaka tupate kanuni. Istiqraa kamili hupitia kila kinachohusika, nayo huleta yakini. Isiyo kamili hupitia baadhi tu, nayo huleta dhana, hata kama ni dhana yenye nguvu. Tofauti hii ilinikaa vizuri niliposoma habari za chemchemi moja ya Marekani.

Chemchemi yenyewe

Katika hifadhi ya Yellowstone, jimbo la Wyoming, kuna gaiza, yaani chemchemi ya maji moto inayofoka kwa vipindi. Mwaka 1870 wasafiri waliokuwa wakiichunguza nchi ile waliipa jina la Old Faithful, Mzee Mwaminifu, kwa sababu haikuwachosha kusubiri. Maji yake hupanda mita 30 hadi 55, kwa dakika moja na nusu hadi tano.

Maji hukusanyika chini ya ardhi penye miamba yenye moto. Uzito wa maji ya juu huyazuia ya chini yasigeuke mvuke, ingawa yamepita joto la kawaida la kuchemka. Maji kidogo yakimwagika nje, uzito hupungua. Ya chini hugeuka mvuke ghafla na kuyasukuma yote juu. Kisha mashimo hujaa na kupata moto upya.

Kanuni yake

Ikifoka kwa muda mfupi, chini ya dakika mbili na nusu, hurudi baada ya saa moja hivi. Ikifoka kwa muda mrefu, hurudi baada ya saa moja na nusu hivi, kwa kuwa imetoa maji na joto zaidi. Walinzi wa hifadhi huwatangazia wageni saa ya mfoko ujao, kwa kuongeza au kupunguza dakika kumi.

Mwaminifu anapobadilika

Katikati ya karne ya 20, wastani wa kusubiri ulikuwa zaidi kidogo ya saa moja. Leo ni saa moja na nusu. Matetemeko ya ardhi ya mwaka 1959 na 1983 yalichangia kuurefusha. Tena, utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulipima vipande vya miti ya kale vilivyokutwa juu ya kilima chake. Miti hiyo ilikuwa hai karne ya 13 na ya 14. Mti hauoti mahali panapomwagikiwa maji yachemkayo. Basi chemchemi ilinyamaza kwa miongo kadhaa, wakati wa ukame mkali.

Tunajifunza nini?

Kwanza, dhana yenye nguvu inatosha kufanyia kazi. Mgeni anayekataa saa iliyotangazwa kwa kuwa si yakini ataukosa mfoko.

Pili, dhana haigeuki yakini kwa kurudiwa mara nyingi. Aliyehesabu mifoko elfu moja ameijua ada ya chemchemi katika hali ile ya mvua na miamba. Hali ikibadilika, ada hubadilika.

Tunaposema "siku zote iko hivi" kuhusu watu wa kabila fulani, au kuhusu ndugu aliyeacha kuja msikitini, tujiulize tumeona mifoko mingapi.

Maswali ya darsa

1. Taja hukumu moja unayoiamini kwa istiqraa isiyo kamili.
2. Ni hali gani ikibadilika, hukumu hiyo itaanguka?

Wallaahu a'lam.