Mfupa wa Ishango: Hesabu ya Watu wa Kale

Katika Kivu ya Kaskazini, mtoto akiulizwa hesabu ilitoka wapi, hujibu upesi kwamba ililetwa na shule. Wazee wengi nao husadiki hivyo, wakisema kwamba mababu walijua kulima na kuvua tu. Lakini ardhi ya nchi hiyo hiyo imemtoa shahidi mwenye neno jingine. Shahidi huyo ni mfupa mdogo, urefu wake sentimeta 10 hivi, wenye rangi ya kahawia iliyokolea. Wasomaji wapenzi, somo hili laeleza habari zake.

1. Mahali ulipopatikana

Mtu akitoka Goma na kushika njia ya kaskazini, akipita Rutshuru, hufika kwenye mbuga za ziwa Edward. Upande wa kusini wa ziwa ni Vitshumbi, kijiji cha wavuvi. Upande wa kaskazini ni Ishango. Hapo ndipo mto Semliki utokapo ziwani na kushika safari yake mpaka ziwa Albert, na mwishowe maji yake huingia katika mto Nile. Basi maji yapitayo mbele ya Ishango ni ndugu wa maji yanyweshayo mashamba ya Misri. Mahali hapo pamo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925.

Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mjuzi wa mawe na udongo, alichimba kando ya mto huo. Alikuta mawe ya kusagia, mifupa ya samaki na ya wanyama, na vyusa vilivyochongwa kwa mfupa, vyenye meno ya kumzuia samaki asichomoke. Ilionekana wazi kwamba hapo kale palikuwa na makao ya wavuvi. Majivu ya mlima wa moto pia yalikuwamo katika tabaka za udongo uliowafunika. Watu wa Goma, walioona mwezi wa Januari 2002 jinsi moto wa Nyiragongo ulivyofunika sehemu ya mji wao, hawatashangaa kusikia kwamba ardhi huweza kuyaficha makao ya watu.

Kati ya vitu hivyo ulikuwamo mfupa tunaousimulia. Kwenye ncha yake kimechomekwa kipande cha jiwe gumu lenye kung'aa. Pande zake zimekatwa mikato midogo mingi, iliyopangwa mafungu mafungu katika mistari mitatu.

2. Mikato yasema nini?

Wataalamu waliihesabu mikato hiyo, nao walistaajabu. Mstari wa kwanza una mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Mstari wa pili una mafungu manne pia: 11, 21, 19 na 9. Mstari wa tatu una mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7.

Sasa kila msomaji achukue punje za maharagwe na kuhesabu mwenyewe. Mstari wa kwanza ukijumlishwa ni 60. Mstari wa pili ni 60 vilevile. Mstari wa tatu ni 48. Tena, katika mstari wa tatu, 3 yafuatwa na 6, ambayo ni mara mbili yake. 4 yafuatwa na 8, ambayo ni mara mbili yake. Na 10 yafuatwa na 5, ambayo ni nusu yake. Katika mstari wa pili mna 10 na kuongeza 1, 20 na kuongeza 1, 20 na kupunguza 1, 10 na kupunguza 1. Na hesabu zote za mstari wa kwanza ni namba tasa, yaani haziwezi kugawanywa sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe.

De Heinzelin alidhani kwamba hayo ni mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack alitoa shauri jingine: kwamba aliyekata mikato hiyo alikuwa akihesabu siku za mwezi wa angani. Miezi miwili ya namna hiyo ina siku 59, karibu sana na 60. Na mikato yote pamoja yakaribia siku za miezi sita. Wengine husema kwamba mikato ilikatwa ili mfupa usiteleze mkononi. 

Je, nani asema kweli? Hapa yafaa kuwa na kiasi. Kwamba mikato imepangwa kwa mafungu, jambo hilo laonekana kwa macho. Lakini mtu akisema kwamba mchongaji alijua namba tasa kama wanavyozijua walimu wa leo, huyo amesema zaidi ya mfupa wenyewe. Mwenye kuwapenda mababu asiwavike nguo za kuazima. Sifa yao ya kweli yawatosha.

3. Umri wake

Hapo mwanzo de Heinzelin alikadiria kwamba mfupa una umri wa miaka ipatayo 8,000 au zaidi kidogo. Vipimo vya makombe ya konokono yaliyozikwa pamoja nao vilionyesha umri mkubwa zaidi, lakini vilitiliwa shaka, kwa kuwa maji ya ziwa yaliweza kuvipotosha. Katika miaka ya 1980 wataalamu walirudi Ishango, wakachimba na kupima upya. Ndipo ilipojulikana kwamba makao yale ni ya kale zaidi, yapata miaka 20,000. Wakati huo hapakuwa na piramidi hata moja nchini Misri.

Tena, huko Katanda, kando ya mto huo huo wa Semliki, wataalamu Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vyusa hivyo vina miaka ipatayo 90,000. Wako wataalamu waliobisha juu ya umri huo. Hata hivyo vyusa vyenyewe vyaonyesha wavuvi wenye akili na subira.

4. Je, habari hizi zapingana na Kitabu cha Mwanzo?

Mkatekumeni aweza kufadhaika asikiapo miaka mingi namna hii. Asifadhaike. Kitabu cha Mwanzo chafundisha ni nani aliyemwumba mtu, na kwa nini. Hakikuandikwa ili kuhesabu umri wa mawe na mifupa. Mwaka ule ule wa 1950, katika barua yake iitwayo Humani Generis, Papa Pio XII alieleza kwamba wataalamu hawakatazwi kuchunguza asili ya mwili wa mtu, ila roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Yule aliyeketi Ishango, akikata mikato yake mmoja baada ya mwingine, alikuwa mtu kamili, mwenye akili aliyopewa na Muumba.

5. Neno la kushika

Mfupa wa Ishango umehifadhiwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, katika nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe. Lakini udongo wa Kivu bado una mengi. Mkulima akikuta jembeni jiwe lililochongwa au mfupa wenye alama, asiuvunje wala asiuuze. Auache mahali pake, aweke alama, akamwarifu mwalimu au chifu. Kitu kikisha kung'olewa bila kuandikwa kilipokuwa, hupoteza nusu ya habari zake, kama barua iliyochanwa.

Maswali

1. Ishango ni mahali gani, na mto gani hutoka hapo?
2. Jumlisha mafungu ya kila mstari. Waona nini?
3. Taja maelezo matatu yaliyotolewa juu ya mikato hiyo.
4. Kwa nini yafaa kutofautisha lionekanalo kwa macho na lidhaniwalo?
5. Ukikuta kitu cha kale shambani, utafanya nini?