Fuata Mshale wa Njano: Jinsi ya Kukimbia Mashambani England

Mtu aliyezoea kukimbia kando ya lami au kuzunguka uwanja wa shule hukutana na kikwazo kimoja akifika mashambani England, nacho ni kuona haya. Mbele yake kuna geti, nyuma ya geti kuna ngano ya mtu, na katikati ya ngano hiyo kinapita kijia chembamba. Apite, asipite? Akiona mshale wa njano kwenye nguzo ya geti, apite bila kuomba ruhusa. Mshale huo huonyesha njia ya umma ya waendao kwa miguu, na sheria haimtofautishi anayetembea na anayekimbia. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma za kila aina, nyingi zikikatiza ardhi ya watu binafsi. Nyingi zilianza kama njia za wanakijiji kwenda kanisani, kinuni na sokoni, na haki ya kuzipita haikufa hata walipoacha kuzitumia kwa shughuli hizo.

Mshale wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Wa zambarau unaongeza mikokoteni ya farasi, na mwekundu unaruhusu hata magari na pikipiki. Anayetafuta ukimya ashike njano na bluu. Njia kuu za kitaifa zina alama ya tunda la mwaloni.

Haki hii hata hivyo ni ya mstari tu. Ukiuacha ukaanza kuzurura shambani umeingia kwa mtu. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza shamba lake, lakini akishalima ana siku 14 za kuirudisha ionekane, na mazao yakiota hayaruhusiwi kuifunga. Kwa hiyo ukikuta njia iliyo kwenye ramani imemezwa na mahindi, una haki ya kupenya kufuata mstari wake. Mimi ningezunguka pembeni mwa shamba, maana mahindi mabichi yaliyolowa hukulowesha hadi kwenye soksi.

Ziko sehemu ambazo hazina mstari kabisa: nyanda za juu, vilima vya wazi na ardhi za vijiji ambazo sheria ya mwaka 2000 iliziachia wananchi wazunguke kwa miguu watakavyo. Hazikupatikana kwa kuomba. Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao wafanyakazi vijana kutoka Manchester na miji jirani, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na watano kati yao wakafungwa jela. Leo Kinder Scout umo ndani ya Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo, iliyotangazwa mwaka 1951, na wakimbiaji huupanda kila wikendi.

Yote haya yamechorwa. Ramani ya shirika la ramani la Ordnance Survey, aina ya Explorer, yenye jalada la rangi ya machungwa, ni ya kipimo cha 1:25,000, yaani sentimita 4 kwa kilomita moja. Njia za umma ni vistari vya kijani. Vifupi ni vya miguu, virefu ni vya farasi na baiskeli. Ardhi ya wazi imepakwa njano hafifu. Vistari vyeusi vina mtego: vinaonyesha kwamba kijia kipo, si kwamba unaruhusiwa kukipita. Ramani hizo hupatikana pia kwenye simu, ila pakua eneo lako ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mtandao hupotea mabondeni.

Sasa suala la kuchagua njia. Wageni wengi huchagua kwa picha nzuri walizoziona. Ni afadhali kuchagua kwa udongo na majira. Eneo lenye udongo wa mfinyanzi, ambalo Juni ni zulia, mwezi Januari linashika viatu na kuvizidisha uzito mara mbili, na kilomita tano zinageuka kazi ya kutwa. Vilima vya chaki vya kusini hupitisha maji haraka, ndiyo maana South Downs Way, ya kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne, na Ridgeway, ya kilomita 139 kutoka Overton Hill hadi Ivinghoe Beacon, hupendwa hata nje ya kiangazi. Tahadhari ni moja: chaki iliyolowa huteleza vibaya, hasa kwenye mteremko. Viatu vya barabarani vyenye soli laini viache nyumbani, vaa vile vyenye meno.

Kwa anayeanza, ningependekeza mifereji. Kandokando yake kuna njia walizopita farasi wakivuta mashua za mizigo, na kwa kuwa zinafuata maji ya mfereji, njia hizo karibu zote ni tambarare. Mfereji wa Kennet and Avon unatoka Reading hadi Bristol, kilomita 140. Kati ya Newbury na Hungerford ni kama kilomita 14, na katikati yupo mkombozi: kijiji cha Kintbury, ambacho stesheni yake imepakana na mfereji. Ukichoka hapo, panda treni. Ni vigumu pia kupotea, kwani unachotakiwa ni kutoyaacha maji.

Reli zilizong'olewa nazo ni nzuri. Monsal Trail katika Peak District ina urefu wa kilomita 13.7 juu ya tuta la reli iliyofungwa mwaka 1968. Mahandaki yake makubwa yalifunguliwa kwa umma mwaka 2011 na huwashwa taa mchana. Hakuna matope ya kutisha, ila siku za mapumziko baiskeli ni nyingi, wahi asubuhi.

Na kama unataka mto, msitu kidogo na mlima mmoja wa kukukata pumzi, shuka stesheni ya Goring and Streatley kwa treni itokayo Paddington, London, ufuate njia iitwayo Thames Path hadi Pangbourne. Ni kilomita sita na ushee. Unaanza na mto, unapanda kwenye msitu wa Hartslock, unateremka hadi kijiji cha Whitchurch na kuvuka daraja. Pangbourne ina stesheni kwenye reli ileile, kwa hiyo huhitaji kurudi kwa miguu wala kuwa na gari. Mpango huu wa kukimbia kutoka stesheni hadi stesheni ndio unaomfaa zaidi mtu anayeishi mjini.

England haina chui wala fisi. Mnyama wa kujihadhari naye huko ni ng'ombe, hasa jike mwenye ndama, na hasa majira ya kuchipua mifugo inapotolewa bandani baada ya miezi ya baridi. Ukiwaona, acha kukimbia. Tembea, wape nafasi, wala usipite kati ya mama na mwanawe. Kama wameziba njia, zunguka mbali kisha uirudie. Madume machanga hufuata watu kwa udadisi tu. Geuka uwatazame, nyoosha mikono, ondoka taratibu. Kama una mbwa na wanakujia juu, mwachie kamba. Wanamfuata yeye, naye ana mbio kukushinda. Fahali wa aina za maziwa aliyezidi miezi 10 haruhusiwi kuwekwa penye njia ya umma, lakini usitegemee sheria hiyo wakati unaruka ngazi ya uzio. Geti uliache ulivyolikuta, lililofungwa lifunge na lililo wazi liache wazi.

Farasi aliyepandwa naye ana adabu yake. Ukimjia kwa nyuma, punguza mwendo na umsemeshe mpandaji kabla hujafika, maana farasi akishtuka anaweza kumwangusha. Isitoshe mashambani watu husalimiana, tofauti na London, na kumpita mtu kimya huonekana utovu wa adabu.

Vipande vya barabara nyembamba visivyo na njia ya miguu ndivyo hatari kuliko vyote. Kikomo cha mwendo kwenye vingi ni maili 60, karibu kilomita 97 kwa saa, huku ua mrefu ukiziba kona. Kimbia upande wa kulia ukitazamana na magari. Ukikaribia kona kali ya kulia, vuka mapema uende upande utakaoonekana.

Kuanzia Mei njia nyembamba huota majani yawashayo kama upupu, basi soksi ndefu zina kazi. Ukifika nyumbani kagua miguu na kinena utafute kupe. Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja. Doa linalotanuka kama duara wiki chache baadaye ni la kumwonyesha daktari, linaweza kuwa ugonjwa wa Lyme, unaotibika kwa antibaiotiki.

Mwezi Desemba kusini mwa England jua huzama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo beba taa ya kichwani hata ukitoka mchana. Namba ya dharura ni 999 au 112. Unaweza pia kutuma ujumbe mfupi kwa 999 pale mtandao ni hafifu, lakini lazima uwe umejisajili kabla, kwa kutuma neno "register" kwa namba hiyohiyo. Fanya hivyo leo. Mabasi mengi ya vijijini hayafanyi kazi Jumapili, na reli hufungwa mara kwa mara siku hiyo kwa matengenezo, basi hakikisha saa ya treni ya kurudi kabla hujanunua tiketi ya kwenda.