Masizi ya Plagi: Ushahidi wa Mwako katika Injini ya Mbio

Katika mbio za magari ziitwazo dragi, magari mawili hushindana katika njia iliyonyooka, kila moja likiondoka mahali lilipokuwa limesimama. Mbio hizo zilienea nchini Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha kuzisimamia. Masafa yake ya asili ni robo maili, yaani mita 402 hivi. Daraja la Pro Stock la chama hicho liliacha kabureta mwaka 2016, lakini katika madaraja mengi ya wapenzi wa mbio kabureta bado hutumika.

Gari la dragi hungoja kwenye foleni kwa dakika nyingi, kisha hukimbia kwa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo silinda moja ikikosa kuwaka, au kama mafundi wasemavyo, injini ikimisi, mashindano yamekwisha. Fundi hufungua plagi na kuikuta nyeusi. Je, weusi huo umetoka wapi? Akikosea jibu, tiba yake yaweza kuiharibu injini kuliko ugonjwa wenyewe.

Jinsi masizi yanavyozuia cheche

Plagi ina elektrodi ya kati iliyozungukwa na kauri, na elektrodi ya pembeni iliyoshikamana na chuma cha nje. Baina ya elektrodi hizo mna nafasi ndogo. Koili huinua volti hadi maelfu mengi, mpaka umeme uruke nafasi hiyo na kutoa cheche.

Kauri ni kihami, yaani haipitishi umeme. Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kauri ikifunikwa na masizi, umeme hupata njia ya pili, sambamba na ile ya cheche, na huvuja kupitia hapo kabla volti haijatosha kuruka. Ni kama kujaza maji katika ndoo iliyotoboka: maji hutiwa, lakini hayafiki ukingoni.

Joto la plagi

Ncha ya kauri ikifikia joto la nyuzi 450 hivi za Sentigredi au zaidi, masizi huungua na plagi hujisafisha. Ikikaribia nyuzi 900 au kuzidi hapo, ncha hugeuka kama kaa la moto na huweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Plagi njema hufanya kazi baina ya mipaka hiyo miwili.

Plagi yenye ncha ndefu ya kauri hukawia kutoa joto, nayo huitwa plagi ya moto. Yenye ncha fupi hulitoa upesi, nayo huitwa plagi ya baridi. Injini ya mbio huhitaji plagi ya baridi kwa sababu mwako wake ni mkali. Lakini plagi hiyo hiyo, injini inapounguruma polepole kwenye foleni, haipati joto la kujisafisha. Kwa hiyo masizi kidogo baada ya kungoja si dalili ya ubovu.

Wakati wa kusoma plagi

Plagi huonyesha zaidi hali ya mwisho iliyoipata. Gari likimaliza mbio, kisha likarudi polepole hadi kwenye karakana, masizi ya safari ya kurudi hufunika ushahidi wa mbio zenyewe. Ndiyo sababu dereva mzoefu, akiwa bado katika njia ya mashindano, huzima injini mara tu anapovuka mstari wa mwisho, huku gia ikiwa huru. Gari huvutwa hadi karakana, na plagi zote nane hupangwa kwa kufuata namba za silinda.

Dalili na maana zake

Masizi makavu, meusi na laini kama mahameli: petroli imezidi hewa, plagi ni ya baridi mno, au cheche ni dhaifu.

Weusi uliolowa na kung'aa kwa mafuta mazito: mafuta ya kulainisha injini yanaingia katika silinda, huenda kwa sababu ya ringi za pistoni au miongozo ya vali iliyolika.

Plagi iliyolowa na kunuka petroli: petroli iliingia lakini haikuwaka.

Utando wa rangi ya manjano ulio kama kioo: mabaki ya risasi. Petroli ya magari ya barabarani yenye risasi ilikoma duniani mwaka 2021, lakini baadhi ya petroli za mbio bado huwa nayo.

Rangi peke yake isiaminiwe mno. Petroli isiyo na risasi huweza kuiacha kauri karibu nyeupe hata kama mchanganyiko ni sahihi.

Kulinganisha silinda

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni tofauti baina ya plagi na plagi. Chukua mfano wa injini ya Chevrolet V8, ambayo silinda zake huwaka kwa mfuatano wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Katika bomba la kugawia mchanganyiko lenye ngazi mbili, upande mmoja wa kabureta hulisha silinda 1, 4, 6 na 7. Upande wa pili hulisha 2, 3, 5 na 8.

Plagi zote nane zikiwa nyeusi, sababu ni ya wote: jeti kubwa mno, vali ya kuongeza petroli iliyopasuka utando, koili dhaifu, au aina ya plagi. Zikiwa nyeusi nne za kundi moja, fundi atazame upande mmoja wa kabureta: skrubu ya mchanganyiko iliyofunguliwa kupita kiasi, au kitundu cha hewa kilichoziba. Ikiwa nyeusi moja tu, kabureta haina hatia kubwa. Hapo plagi hiyo ibadilishane mahali na ya jirani. Ubovu ukihama pamoja nayo, plagi ni mbovu. Ukibaki, waya au silinda yenyewe ipimwe.

Hatari ya tiba ya haraka

Fundi mwenye pupa huona weusi, akapunguza petroli, akaweka na plagi ya moto. Tuseme sababu ilikuwa waya mmoja uliokatika. Sasa silinda saba zilizokuwa nzima zina petroli haba na plagi zenye joto kupita kiasi. Petroli kamili huungua kwa uwiano wa takribani 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito, lakini injini ya petroli hutoa nguvu kubwa zaidi karibu na 12.5 hadi 13 kwa 1. Mchanganyiko ukipungua petroli chini ya mzigo mkubwa, joto na mipasuko ya ghafla hushambulia pistoni. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni iliyotoboka haiponi kwa kubadilisha plagi.

Basi kanuni ni moja: linganisha kwanza, badilisha kitu kimoja tu, kisha soma tena.

Maswali ya kujipima

1. Injini ya mipigo minne inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Onyesha kwamba kila plagi hutoa cheche 60 kwa sekunde.

2. Chora sakiti ya plagi yenye masizi, ukionyesha njia mbili za umeme zilizo sambamba.

3. Plagi za silinda 2, 3, 5 na 8 ni nyeusi na kavu. Nyingine ni safi. Taja mahali pa kuanzia uchunguzi, na utoe sababu.

4. Mwalimu aombe kwa fundi plagi kuukuu za pikipiki au jenereta. Wanafunzi wazipange kwa dalili, kisha wapime kwa mita ukinzani baina ya elektrodi ya kati na chuma cha nje. Je, plagi yenye masizi inatofautianaje na ile safi?