SOMO LA LEO: Makrame kwa anayeanza. Tuliza mkono kwanza, ndipo uuze

Wengi mmekuwa mkiuliza, ni bidhaa gani mtu anaweza kutengeneza mwenyewe nyumbani kwa mtaji mdogo, bila mashine wala umeme? Leo tuongelee makrame, yaani kazi ya kufunga mafundo kwa kamba za pamba. Zile kamba za kuning'iniza vyungu vya maua, mapambo ya ukutani, vishikio vya funguo, mikanda ya mikoba. Zote hizo ni mafundo tu.

Kazi hii si ngeni kwetu. Bibi zetu wamefuma vitambaa vya makochi, wavuvi wanafunga nyavu, wasusi wanasuka nywele kila siku. Mabaharia wa Ulaya nao walikuwa wakifunga mafundo kama haya kwenye safari ndefu ili muda uende, na miaka ya 1970 makrame ikavuma sana Marekani. Kwa hiyo usiogope jina. Kama unaweza kusuka twende kilioni, hii utaiweza.

Lakini kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujanunua kamba. Kwenye makrame, utulivu wako ni sehemu ya bidhaa. Ukifunga ukiwa na haraka, fundo linabana. Ukifunga huku unachati, fundo linalegea. Mteja wa mtandaoni aliona picha ya kishikio cha sentimita 10, akipokea cha sentimita 8 kilichopinda, hatakuelewa. Hakuja dukani akagusa, alichoamini ni picha. Mkono ukitulia, picha na mzigo vinafanana. Basi tuanze.

VITU VYA KUNUNUA
- Kamba ya pamba yenye unene wa milimita 3. Chukua rangi moja tu kwanza, ikiwezekana nyeupe au ya maziwa, maana mafundo yanaonekana vizuri ukiwa unajifunza.
- Ringi za funguo.
- Mkasi mkali. Mkasi butu unachambua ncha.
- Rula au futi kamba.
- Seloteipu ya kufunga ncha zisifumuke.

Usinunue kamba za rangi tano siku ya kwanza. Huo ni mtaji unaolala kwenye mfuko.

FUNDO LA KUANZIA
Kata kamba mbili, kila moja sentimita 80. Ikunje kila kamba pasipo kulingana: upande mmja ubaki na sentimita 20, mwingine 60. Pitisha mkunjo kwenye ringi, kisha ncha mbili zipite ndani ya ule mkunjo, vuta. Fanya hivyo kwa kamba zote mbili, halafu panga fupi zikae katikati, ndefu zikae pembeni. Sasa una kamba nne zinaning'inia.

Ringi itundike kwenye msumari au kitasa cha mlango, usawa wa kifua ukiwa umekaa. Usifanyie mapajani, kamba inacheza.

Zile mbili za katikati hazifanyi kazi, zimekaa tu. Za pembeni ndizo zinazofunga.

Hatua ya 1: Chukua ya kushoto, ipitishe juu ya zile mbili za katikati, iingie chini ya ile ya kulia. Sasa chukua ya kulia, ipite nyuma ya zile mbili za katikati, itokee kwenye tundu lililopo kushoto. Vuta pande zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 2: Rudia hivyohivyo ukianzia kulia. Ya kulia ipite juu ya za katikati, iingie chini ya ya kushoto. Ya kushoto ipite nyuma, itokee kwenye tundu la kulia. Vuta.

Hapo umemaliza fundo moja kamili. Litakaa bapa, na upande wa kushoto utaona kinundu kimoja. Ukitaka kujua umefunga mangapi, hesabu vinundu.

Ukiona kazi inajizungusha kama ngazi ya mviringo, ujue umekuwa ukianzia upande mmoja kila mara. Nayo ni staili nzuri na inauzika, ila ifanye kwa kukusudia.

Funga mafundo 10 hivi, pima hadi ufike sentimita 10. La mwisho livute kwa nguvu kidogo, kisha kata ncha zote ziwe sentimita 5, zichane kwa kitana. Kishikio kimekamilika.

ZOEZI LA KUTULIZA MKONO
Hapa ndipo wengi wanaruka, wanakimbilia kupiga picha. Usikurupuke. Wiki nzima fanya hivi, dakika 20 kwa siku:

Weka simu mbali, iwe kimya. Kaa, legeza mabega, vuta pumzi. Kila fundo lihesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu. Ukivuta, sikia kwenye vidole nguvu unayotumia, na fundo linalofuata ulivute kwa nguvu ileile. Akili ikienda kwenye kodi au mteja aliyekusumbua, irudishe kwenye hesabu. Ukipoteza hesabu, acha, tazama vinundu, endelea.

Ukimaliza, pima kwa rula. Kisha fumua yote, uanze tena na kamba ileile. Kamba ya mazoezi haipotei, inachakaa tu, na hiyo usiiuze.

Siku ya saba, kata kamba mpya na utengeneze vishikio vitano vya mafundo 10. Vilaze pamoja mezani. Kama tofauti ya urefu haizidi nusu sentimita, mkono wako umeshajua kazi. Kama inazidi, ongeza siku tatu. Hakuna anayekukimbiza.

Vidole au mabega yakianza kuuma, simama, nyoosha mikono, pumzika. Kwenye biashara hii mikono ndiyo mashine yako.

PIGA HESABU KABLA YA KUTANGAZA
Nitatumia bei za mfano, wewe weka za kwenu.

Tuseme roli la mita 100 ni shilingi 20,000. Kishikio kimoja kinakula sentimita 160, hiyo ni shilingi 320. Ringi 250. Kifungashio 230. Jumla ya vitu ni 800.

Sasa muda. Anayeanza anatumia kama nusu saa kwa kimoja. Ukijilipa 2,000 kwa saa, ufundi wako ni 1,000. Gharama halisi ni 1,800.

Ukiuza 1,500 kwa sababu "ni kamba tu", wewe fundi umebaki na 700 badala ya 1,000, na duka halijapata hata senti. Bando na nauli ya kufuata kamba hatujagusa. Ukiuza 3,000, fundi kapata 1,000 yake na duka limepata 1,200. Mteja akilalamika bei, mwonyeshe video fupi ya mikono yako ikifunga. Wengi hawajui kama kitu kile kinafungwa fundo moja moja.

ODA KUBWA NDIYO MTIHANI
Itakuja siku mtu atakuandikia: "Dada, nataka 50 za zawadi za wageni kwenye send-off, Jumamosi." Na leo ni Alhamisi. Moyo utaruka. Kabla hujajibu "sawa", shika kalamu.

Vishikio 50 kwa nusu saa ni saa 25. Kama una saa tatu kwa siku baada ya kazi za nyumbani, hizo ni siku tisa. Wewe una mbili. Ukikubali, utakesha, mkono utachoka, vya kwanza vitanyooka na vya mwisho vitapinda. Wageni 50 watarudi nyumbani na kazi mbovu yenye jina la duka lako. Oda ileile iliyotakiwa kukutangaza inakumaliza.

Mjibu kwa heshima: "Asante sana dada. Kwa Jumamosi naweza kukutengenezea 10 nzuri, za wazazi na wasimamizi. Ukihitaji 50, nipe siku 10 na malipo ya awali ya nusu." Wapo watakaoondoka. Wapo watakaokubali 10, na hao ndio wanaorudi.

Ukiipata oda ya siku 10, nunua kamba yote siku moja, duka moja. Kwa 50 unahitaji mita 80, roli moja linatosha na chenji inabaki. Ukinunua kidogo kidogo, rangi inaweza kutofautiana, hata kama jina la rangi ni lilelile.

KAZI YA WIKI HII
Nunua kamba ya rangi moja, fanya zoezi siku saba, pima vishikio vitano. Picha ya kwanza ya kutangaza ipige vikiwa vimelala pembeni ya rula, mteja auone urefu kwa macho yake.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayetaka kuanza. Wiki ijayo: kamba ya kuning'iniza chungu cha maua, na jinsi ya kuituma mkoani kwa basi bila kujikunja.

Kazi njema.