Vuka kwa Mhuri: Kijitabu cha Msafiri wa Barabara na Boti kutoka Thailand hadi Laos

Kijitabu hiki ni cha nani

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya Mswahili anayefika Kusini-Mashariki mwa Asia. Huenda umefuata bidhaa Bangkok, umekwenda masomoni, au una likizo na unataka kuona dunia. Kinaeleza safari moja ya halali ambayo wageni wengi huifanya kila mwaka: kutoka Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand, kwa barabara hadi mpakani, kisha siku mbili kwa boti katika Mto Mekong hadi Luang Prabang nchini Laos.

Nauli hupanda, ratiba hubadilika na masharti ya viza hurekebishwa. Lakini kuna kanuni moja isiyobadilika: mpaka huvukwa kwa mhuri. Upate mhuri wa kutoka katika nchi unayoiacha, upate mhuri wa kuingia katika nchi unayoiendea, na pasipoti ikae mkononi mwako muda wote. Anayetaka kukuvusha bila hayo matatu hakusafirishi, anakupoteza.

Ujue mto na mpaka wake

Mekong huanzia katika nyanda za juu za Tibet na kusafiri zaidi ya kilomita 4,300 kabla ya kumwaga maji yake baharini kusini mwa Vietnam. Njiani hupita China, Myanmar, Laos, Thailand na Kambodia. Mkataba wa mwaka 1893 kati ya Ufaransa na Siam, ambayo leo ni Thailand, uliufanya mto huu kuwa mpaka. Ng'ambo ya mashariki ilibaki mikononi mwa Wafaransa hadi Laos ilipopata uhuru mwaka 1953.

Alama ya historia hiyo utaiona barabarani. Thailand magari hushika kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Laos hushika kulia kama Wafaransa, na kama Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa hiyo ukishafika upande wa Laos, kabla ya kukata barabara tazama kwanza kushoto kwako.

Kabla ya kuondoka nyumbani

*Pasipoti.* Iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi na kurasa tupu za kutosha. Piga nakala zake, moja uiache kwa ndugu, nyingine uitunze kwenye simu.

*Viza ya Thailand.* Uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Viza ya kuingia mara moja humalizika pale unapovuka kwenda Laos, hata kama siku zako hazijaisha. Kama unapanga kurudi Thailand, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, au chukua kibali cha kuingia tena kabla ya kutoka. Ukipitiliza siku zako utatozwa baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia baht 20,000.

*Fomu ya kuwasili.* Tangu tarehe 1 Mei 2025, kila mgeni anayeingia Thailand hujaza fomu kwa njia ya mtandao ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Tovuti inayokudai malipo kwa ajili yake si ya serikali.

*Viza ya Laos.* Raia wa nchi nyingi hupewa viza ya siku 30 pale pale mpakani kwa dola taslimu na picha ya pasipoti, lakini fursa hiyo haiko wazi kwa pasipoti zote. Ipo pia viza ya mtandaoni, ambayo hukubaliwa katika vituo maalumu tu vya mpakani. Pata jibu la ubalozi wa Laos kuhusu pasipoti ya nchi yako na kituo utakachopitia. Usiridhike na maneno ya wakala wa mabasi.

*Chanjo ya homa ya manjano.* Thailand inataka cheti hiki kwa abiria wanaotoka nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Uwanjani Bangkok kuna dawati la afya: pita hapo kabla ya kupanga foleni ya uhamiaji, la sivyo utarudishwa nyuma. Cheti hudumu maisha yote, hivyo usikitupe baada ya safari.

*Fedha na bima.* Beba dola safi ambazo hazijachanika, baht kwa upande wa Thailand, na kip za Laos kwa kiasi cha kutumia. Kip ni vigumu kuzibadilisha ukishatoka Laos. Chukua bima inayolipia kuhamishwa mgonjwa, kwa sababu wagonjwa mahututi kaskazini mwa Laos mara nyingi hukimbizwa hospitali za Thailand.

Kutoka Chiang Rai hadi ng'ambo

Mabasi ya Chiang Khong huondoka kwenye stendi ya zamani iliyo katikati ya mji wa Chiang Rai. Mwendo ni zaidi ya kilomita 100, na safari huchukua saa mbili na zaidi kidogo. Mwambie kondakta kwamba unakwenda darajani. Kama basi halifiki huko, utamalizia kwa tuktuk, yaani bajaji.

Zamani wageni walivushwa kwa mashua ndogo kutoka Chiang Khong. Tangu Daraja la Nne la Urafiki lilipofunguliwa tarehe 11 Desemba 2013, mgeni huvuka kwa daraja hilo. Mashua ndogo zimebaki kwa wenyeji wa pande mbili. Ukiona mtu anakuita ukavuke kwa mashua ya wenyeji ili uokoe muda, kataa: utaingia Laos bila mhuri, na siku ya kutoka utahesabiwa kuwa mhamiaji haramu.

Utaratibu darajani ni huu:

1. Pitia uhamiaji wa Thailand. Hakikisha mhuri wa kutoka umegongwa na tarehe inasomeka.
2. Nunua tiketi ya basi la daraja. Kuvuka kwa miguu hakuruhusiwi.
3. Upande wa Laos, jaza fomu, onyesha viza au uiombe kama pasipoti yako inaruhusu, na upate mhuri wa kuingia.
4. Fungua pasipoti ukiwa bado mbele ya dirisha. Soma tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Kosa hurekebishwa kwa urahisi hapo, si baadaye.
5. Panda tuktuk hadi mji wa Huay Xai, kilomita 10 hivi. Patana bei kabla ya kupakia mzigo.

Unaweza kujaribu kutoka Chiang Rai alfajiri na kuiwahi boti siku hiyo hiyo, lakini foleni moja tu ikichelewa, boti itakuacha. Ni salama zaidi kulala Chiang Khong au Huay Xai usiku uliotangulia.

Siku mbili mtoni

Boti ya polepole ni ndefu na nyembamba, ya mbao, yenye paa na pande zilizo wazi. Viti vingi vimetolewa kwenye magari ya zamani. Injini iko nyuma, na kelele zake ni kubwa, basi wahi ukae mbele au katikati. Choo kipo. Chakula kinachouzwa ndani ni kidogo na bei yake iko juu, hivyo nunua maji, matunda na wali wa kunata mjini Huay Xai.

Tiketi hukatwa dirishani kwenye gati, siku ile ile ya safari, na boti huondoka kati ya saa 3 na saa 5 na nusu asubuhi. Fika mapema. Mizigo mikubwa huwekwa chini ya sakafu au nyuma. Pasipoti, fedha, simu na dawa vikae kwenye mkoba usiotoka mwilini mwako.

Boti husafiri mchana tu, kwa kuwa Mekong ya juu imejaa miamba na mafungu ya mchanga, na nahodha huusoma mkondo kwa macho. Jioni ya kwanza utashuka Pak Beng, mji mdogo kwenye mteremko wa mlima, ulale nyumba ya wageni. Huko Huay Xai unaweza kuambiwa vyumba vya Pak Beng vimejaa, ulipie mapema. Ukitaka uhakika, weka nafasi mwenyewe. Vijana watakaokimbilia kubeba mizigo gatini wanafanya kazi halali: taja bei kwanza, kisha uwalipe jasho lao.

Siku ya pili, karibu na mwisho wa safari, utapita mapango ya Pak Ou, mahali Mto Nam Ou unapoingia Mekong. Ndani yake mna maelfu ya sanamu za Buddha zilizowekwa na waumini kizazi baada ya kizazi. Gati la mwisho liko nje ya mji, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya Luang Prabang, mji ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995.

Mambo ya kuzingatia ukiwa njiani:

- Desemba na Januari asubuhi za mtoni ni baridi kali kwa mtu wa pwani. Beba sweta na kitu cha kujikinga upepo.
- Kati ya Februari na Aprili maji hupungua, na moshi wa mashamba yanayochomwa huziba anga. Mwenye pumu achague miezi mingine.
- Mvua za Mei hadi Oktoba hujaza mto na kuongeza nguvu ya mkondo. Uliza kuhusu jaketi la kuokolea maisha kabla boti haijang'oa nanga.
- Boti ikitia nanga ukingoni, usiache njia inayokanyagwa na wenyeji. Kati ya 1964 na 1973 Laos ilidondoshewa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na mengine hayajalipuka hadi leo.

Boti ya kasi

Ipo boti ndogo ya kasi inayomaliza safari hii kwa siku moja. Abiria hukaa wamekunja magoti, wamevaa helmeti. Ikigonga mwamba au gogo kwa mwendo ule, abiria hawana cha kuwakinga. Watu wamekufa kwa ajali hizo. Ushauri wetu ni mmoja: usiipande. Mwenda pole hajikwai. Mwenye haraka ya kweli atumie basi. Ukishafika Luang Prabang, kuna pia treni ya kwenda Vientiane, mji mkuu wa Laos, kwenye reli iliyofunguliwa Desemba 2021.

Mto unabadilika

Usishangae kukuta maji yamepanda au kushuka bila mvua. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa upande wa China huhifadhi maji na kuyaachia kwa mahitaji ya nchi hiyo. Laos nayo inajenga bwawa jingine juu kidogo ya Luang Prabang, katika njia hii hii ya boti. Wavuvi na wakulima wa kingo za mto ndio wanaobeba uzito wa mabadiliko hayo, maana samaki na rutuba ya udongo hufuata mtiririko wa maji. Kabla ya kulipa, uliza gatini: boti inafika hadi mwisho, au kuna kipande cha kupandishwa gari?

Boti usiyopaswa kuipanda kamwe

Soma sehemu hii hata kama huna mpango wa kwenda Laos.

Vijana wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi za ualimu, huduma kwa wateja au uuzaji mtandaoni nchini Thailand, kwa mshahara mnono. Hutumiwa tiketi ya ndege hadi Bangkok. Huko hupokewa na dereva, huendeshwa saa nyingi hadi Mae Sot, mji wa mpakani, kisha huvushwa Mto Moei kwa mashua na kuingia Myawaddy, Myanmar. Hakuna mhuri. Pasipoti huchukuliwa. Huko, katika vituo vilivyozungushiwa kuta, hulazimishwa kutapeli watu mtandaoni, na wanaokataa hupigwa.

Mwaka 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 Kambodia walikuwa wakishikiliwa kwa kazi hiyo. Maelfu walipotolewa Myawaddy mapema mwaka 2025, miongoni mwao walikuwamo Waethiopia, Wakenya na Waganda. Vituo vya aina hiyo vimekuwapo pia mkoani Bokeo, Laos, mkoa ule ule wa Huay Xai.

Dalili za hatari ni hizi:

- Umeambiwa kazi iko Thailand, lakini unapewa viza ya utalii.
- Mtu "anakutunzia" pasipoti.
- Gari linapita usiku na hujui linakoelekea.
- Unaambiwa uvuke mto mahali pasipo na ofisi ya uhamiaji.

Ukiona moja tu kati ya hizo, shuka mahali penye watu: stendi, kituo cha mafuta, kituo cha polisi. Usione haya kuharibu safari. Na mzigo wa mtu usiyemjua usiubebe kamwe. Adhabu za dawa za kulevya katika nchi hizi ni nzito mno.

Adabu na chakula

Salamu ya Laos ni "sabaidee", viganja vikikutanishwa kifuani. Vua viatu kabla ya kuingia nyumbani au hekaluni, funika mabega na magoti, usimguse mtu kichwani. Mwanamke asimguse mtawa. Nyama ya nguruwe hutiwa katika vyakula vingi. Asiyeila aseme "bo kin mu" Laos, au "mai kin mu" Thailand.

Ukikwama

Nchini Thailand, polisi wa watalii hupatikana kwa namba 1155, na msaada kwa waliosafirishwa kiharamu ni 1300. Kenya ina ubalozi Bangkok. Mtanzania awasiliane na ubalozi wa Tanzania ulioko Kuala Lumpur. Andika namba hizi kwenye karatasi, kwa maana simu huishiwa chaji na huweza kuporwa.

Kila jioni mwambie ndugu mmoja ulipo na unakolala. Na wewe uliyebaki nyumbani, mwanao au jirani yako akikuambia amepata kazi ng'ambo, muulize viza yake ni ya aina gani, atavukia mpaka upi, na nani atashika pasipoti yake. Asipokuwa na majibu, mzuie asiondoke hadi ayapate.