Unyoya Ulingane na Ndoana: Somo kwa Watengenezaji wa Nzi Bandia

Vijana na akina mama wanaotengeneza nzi bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti, kwa soko la hapa nchini na la ng'ambo, wanahimizwa kupima unyoya kabla ya kuufunga.

Nzi wa kuelea juu ya maji huhitaji unyoya wa shingo ya jogoo. Urefu wa nyuzi za unyoya huo uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya mwanya wa ndoana, yaani nafasi iliyo kati ya mti wake na ncha. Unyoya hukunjwa juu ya mti wa ndoana ili nyuzi zisimame, kisha hulinganishwa. Mwanya ukiwa milimita 5, nyuzi ziwe milimita 7.5 hadi 10.

Ikumbukwe kuwa namba ikipanda, ndoana hupungua: namba 16 ni ndogo kuliko namba 12.

Nyuzi zikizidi, nzi hulala ubavu na kusokota uzi wa mvuvi. Zikiwa fupi mno, huzama. Mnunuzi hutaka oda nzima ifanane, na wachache wasiolingana wanaweza kurudisha mzigo wote. Hivyo, manyoya yapangwe kwa ukubwa kabla ya kazi kuanza.